Kinect ya Xbox 360 kwa watoto wanaoshinda ndani: maoni yangu baada ya kuitumia hapa Mwanza

Naanza na jibu kwa wale wenye haraka. Kama una watoto wa kati ya miaka 6 na 12, mnaishi nyumba ya geti, wakirudi shule jua linaenda kuzama na kinachowasubiri ni kochi na katuni, basi Xbox 360 ya mtumba (mashine ya Microsoft ya kuchezea magemu kwenye TV) yenye kamera ya Kinect ni hela iliyoenda mahali pazuri. Kama watoto wako wanashinda wanakimbia mtaani acha, hiyo hela nunua mpira na raba. Na kama unataka kununua umkabidhi mtoto afu wewe uendelee na simu yako, acha pia, sababu yake nitaieleza huko chini.

Ya kwangu ni ile 360 nyembamba, nimeichukua kwenye duka moja la magemu hapa mjini kati kwa laki tatu na themanini, pamoja na kamera, pedi moja ya kuchezea kwa mkono na diski mbili. Mpya usitafute maana hazipo, Kinect ilitoka Novemba 2010 na Microsoft wakaacha kuitengeneza 2017, kwahiyo zote unazoziona madukani na kwenye magrupu ni used na bei zinapishana sana kutegemea muuzaji kakuonaje siku hiyo.

Kwa wasioijua, Kinect ni kamera ndefu nyeusi unaiweka chini au juu ya TV, na ukicheza hushiki kitu chochote mkononi, mwili wako ndo pedi. Inatupa vidoti vya mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni, inapima kila kitu kiko umbali gani, halafu inachora kiunzi cha mtu kwa viungo 20, kichwa, mabega, viwiko, magoti mpaka nyayo, ukiruka na katuni yako kwenye TV inaruka, ukichuchumaa inachuchumaa. Ina mota ndani yake kabisa, mtoto mfupi akisimama mbele kamera inainamisha kichwa yenyewe imtafute, wanangu hiyo peke yake waliishangaa wiki nzima.

Sasa kwanini niliitaka. Tunakaa Nyakato, watoto wanapandia basi la shule asubuhi bado giza, wanashushwa saa kumi na moja jioni, hapo kuna homework, kuoga na kula, na nje ya geti ni barabara ya bodaboda. Mwalimu wao akitoa mazoezi ya mwili ni kipindi kimoja kimoja. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2020 wanasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anatakiwa kupata wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha kwa kiwango cha kati mpaka kikali, yani mapigo ya moyo yapande, na angalau siku 3 kwa wiki kuwe na shughuli za kiwango kikali pamoja na za kuimarisha misuli na mifupa. Nikipiga hesabu ya siku ya kawaida ya wanangu Jumatatu mpaka Ijumaa hizo dakika 60 sizioni. Watu wanasemaga si mna ziwa hapo, wapeleke wakaogelee. Ziwa tunalo na tunalipenda, ila kichocho kipo, kinatoka kwa konokono wa maji ya pembeni, hapohapo watoto wanapopenda kuchezea, na mimi siwezi kuwaingiza wanangu kwenye maji yale kila jioni kisa mazoezi. Wikiendi tunatoka, tunapanda boti kwenda Saanane wanapanda miamba kufukuzana na pimbi mpaka wanalala njiani wakati wa kurudi. Shida yangu ilikuwa zile jioni za katikati ya wiki.

Kwenye magemu yenyewe ndo kwenye utamu. Kamera nyingi zinakuja na diski ya Kinect Adventures, na hiyo kwangu ndo diski bora kuliko zote kwa watoto wadogo, hata kuzidi zile nilizoongeza baadae. Kuna gemu tano ndani. Reflex Ridge unapanda kama kitoroli kinakimbia kwenye reli na vizuizi vinakujia, unaruka, unainama, unakwepa kulia kushoto, na ukirukaruka kitoroli kinaongeza mwendo. River Rush mnakuwa kwenye boti la mpira mnashuka mto, watu wawili mnaegemea pamoja na kuruka pamoja, hii inatoa kelele nyumba nzima maana mmoja akichelewa kuruka wote mnakosa. Halafu ile ya 20,000 Leaks, umo ndani ya sanduku la kioo chini ya bahari, samaki wanagonga kioo kinapasuka na wewe unaziba nyufa kwa mikono, miguu, kichwa, chochote, ikifikia nyufa tano kwa mpigo unamuona mtoto kapanua miguu kajikunja kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba, anacheka hadi anaishiwa nguvu. Rally Ball ni kupiga mipira irudi ivunje maboksi. Space Pop unapunga mikono unapaa, nzuri kwa wadogo kabisa ila haichoshi.

Nimekuwa napima kwa njia moja rahisi ambayo watu wa mazoezi wanaitumiaga sana: mtu akiwa kwenye kiwango cha kati anaweza kuongea ila hawezi kuimba, akifika kiwango kikali hata kuongea anakata kata. Binti yangu wa darasa la tano anaimba Sunday school, basi nikawa namwambia aimbe huku anacheza. Kwenye bowling ya Kinect Sports alimaliza wimbo mzima na vibwagizo vyake vyote, pumzi imetulia kabisa. Kwenye Reflex Ridge aliishia ubeti wa kwanza katikati. Kwenye 20,000 Leaks hakufika hata mstari wa pili, akaniambia "mama subiri kwanza". Hicho ndo kipimo changu cha gemu ipi inabaki na ipi inawekwa pembeni, siangalii boksi limeandika nini. Na kaka yake wa darasa la pili simwambii aimbe, huyo jasho lenyewe linaonekana puani.

Kinect Sports ya kwanza ina mpira wa miguu, bowling, riadha, ngumi, voliboli ya ufukweni na mpira wa meza. Riadha na ngumi ndo zenye kazi, riadha unakimbia papo hapo magoti juu, kuna mita 100, kuruka vihunzi, mkuki, kisahani na kuruka chini. Mpira wa miguu wa humu umenikatisha tamaa, unapiga pasi na kuokoa tu huku umesimama, mtoto aliyezoea chandimu ya kweli anauchoka upesi na sioni mantiki ya kumlazimisha. Ngumi zinapendwa na kijana wangu ila weka sheria mapema, wakicheza wawili wasimame mbalimbali maana ngumi ya hewani haichelewi kutua kwenye sikio la dada mtu.

Magemu ya kucheza muziki pia yapo, Just Dance 3 na Dance Central, na hapa ndo niliona tofauti kubwa ya watoto. Binti yangu ambaye kwenye michezo ya shule huwa anajificha nyuma ya wenzake, anasema yeye sio mtu wa michezo, kwenye kudansi anasimama mbele ya TV mwenyewe bila kuitwa na anarudia nyimbo moja mpaka apate nyota zote. Hakuna mtu wa kumcheka akikosea, kamera inampa alama zake anaendelea. Kwangu mimi hii inauzito kuliko kalori. Mtoto anayekimbia vizuri anapata nafasi ya kukimbia kila mahali, huyu wa kujificha ndo anahitaji mlango wa kuingilia, na huu umekuwa mlango wake, sasa hivi hadi kuruka kamba na wenzake anaruka.

Kitu kingine kidogo ila watoto wanakipenda kupita maelezo: Kinect Adventures inakupiga picha wakati unacheza halafu inazionyesha mwishoni. Bibi yao alikuja kutoka Magu tukamuweka kwenye River Rush, picha ikatoka kanga imefungwa vizuri kiunoni mikono juu mdomo wazi, mpaka leo wajukuu wanaomba bibi aje "apige tena mto".

Haya, nije kwenye sababu ya kusema usimkabidhi mtoto mashine ukaondoka. Huu sio mtazamo wangu tu, kuna utafiti umefanyika Houston Marekani na ukatoka 2012 kwenye jarida la Pediatrics, walichukua watoto wa miaka 9 mpaka 12 wakawapa Wii (mashine ya magemu ya Nintendo inayochezwa kwa kutikisa rimoti), kundi moja likapewa magemu ya kutikisa mwili na lingine magemu ya kukaa, bila kuwapangia ratiba yoyote, wakawavalisha vifaa vya kupima mwendo. Baada ya miezi kama mitatu hakukuwa na tofauti, waliopewa magemu ya mazoezi hawakuwa na harakati zaidi ya wenzao. Halafu kuna mwingine wa Louisiana uliotoka 2018, huu walitumia Kinect hii hii tunayoizungumzia, watoto 46 wenye uzito mkubwa wa miaka 10 hadi 12, ila hapa kundi moja kati yao lilipewa ratiba kwa miezi 6, wanacheza na ndugu au rafiki, na kocha anawapigia video call kuwafuatilia. Hawa walijituma, uzito wao ukilinganisha na umri ulishuka na harakati zikaongezeka. Kamera ni ileile iliyouzwa dunia nzima, kilichoongezeka ni ratiba na mtu wa kucheza naye na mtu wa kuuliza leo vipi.

Kwahiyo kwangu tumeweka Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, baada ya homework kabla ya kula, nusu saa mpaka dakika arobaini, na mtu mzima mmoja lazima awe kwenye gemu sio kwenye kochi. Siku nyingine ni mimi, siku nyingine baba yao, siku nyingine mamdogo wao anayesoma chuo hapa. Mtu mzima akiwa ndani gemu zinachaguliwa zenye jasho, akitoka tu wanarudi kwenye bowling, nimeliona hilo mara nyingi sana. Na huo muda tumeutoa kwenye katuni, hatujautoa kwenye kucheza nje, hii naomba wazazi muishike, kuna utafiti wa Liverpool wa 2007 ulionyesha hata Wii Sports inachoma nguvu zaidi ya gemu ya kukaa ila haifikii mchezo wenyewe wa kweli. Umeme ukikatika katikati ya gemu, na huku kwetu mnajua, wanahamia uani kuruka kamba kwa taa ya sola na hakuna anayelalamika maana mwili umeshapata moto.

Nafasi ya sebuleni ndo itakayokusumbua kuliko kitu kingine. Mtu mmoja anatakiwa kusimama kama mita 1.8 kutoka kwenye kamera, wawili mita 2.4 hivi, na sebule zetu za kupanga unajua zilivyo, kochi la watu watatu, la wawili, stuli, meza ya kioo katikati na vitambaa vyake. Meza ya kioo itoke kabisa, usiisogeze, itoe. Kamera ikae kati ya sentimita 60 na mita 1.8 kutoka sakafuni. Sisi inabidi kochi moja lisukumwe mpaka mlangoni kila siku ya gemu, watoto wameshajua kazi yao ya kusukuma ni ipi. Tailizi zinateleza, soksi zivuliwe, pekupeku ndo vizuri. Dirisha letu linaangalia magharibi na jua la saa kumi na mbili linapiga ndani moja kwa moja, kamera ikawa inampoteza mdogo kabisa, anaruka anapiga kelele "mama haijaniona!", sababu jua nalo lina infraredi nyingi inafunika vile vidoti. Pazia zito lilimaliza tatizo.

Kwenye kununua sasa, hapa kuwa makini. Cha kwanza kabla ya kuuliza bei geuza lile tofali la umeme (boksi la kwenye waya linalopeleka umeme kwenye mashine) usome maandishi. Mashine nyingi za mtumba zimetoka Marekani, tofali lake ni la volti 100 mpaka 127, ukilichomeka kwenye umeme wetu wa 230 linakufa hapo hapo, na kwenye 360 tofali halijibadilishi lenyewe. Tafuta lililoandikwa 200 mpaka 240. Muuzaji wangu alitaka kunipa la Marekani na transfoma ndogo juu yake, nikakataa, nikasubiri aniletee sahihi. Cha pili, ile 360 nyembamba inachomeka Kinect moja kwa moja nyuma, ila 360 nene ya zamani inahitaji adapta ya pembeni yenye umeme wake na waya wa USB, watu wanauziwa kamera bila hiyo adapta wanafika nyumbani haiwaki. Cha tatu jaribu dukani, simama mbele ya kamera, ruka, inama, angalia kama ile mota inanyanyuka na kama inakushika miguu. Miguu ndo ya kuangalia, kamera iliyochoka nilivyoijaribu duka la kwanza ilikuwa inashika mikono vizuri ila miguu inatetemeka yenyewe nikiwa nimesimama wima.

Magemu ni ya diski tu, lile duka la mtandaoni la Xbox 360 Microsoft walilifunga Julai 2024, huwezi tena kununua humo. Na diski nazo zina kanda, baadhi za Marekani hazisomi kwenye mashine ya Ulaya, kwahiyo diski unayonunua ijaribu kwenye mashine yako mwenyewe, nenda nayo. Weka na stabilaiza maana umeme ukirudi unarudi kwa hasira.

Nimecheza pia hizi nyingine. Wii tuna jirani anayo, ni nzuri na ni rahisi, haihitaji nafasi kubwa, tenisi yake wazee hadi watoto wanaielewa dakika moja. Ila rimoti inapima mkono tu, mtoto mjanja anakaa kwenye kochi anazungusha kiganja anashinda seti nzima, na mwanangu aligundua hilo siku ya kwanza. Na kamba ya rimoti ivaliwe mkononi kweli kweli, hata Nintendo wenyewe mwaka 2006 ilibidi wabadilishie watu kamba milioni 3.2 sababu zilikuwa zinakatika rimoti inaruka. Ring Fit, gemu ya mazoezi ya Nintendo Switch (mashine nyingine ya Nintendo), iliyotoka 2019, nimeicheza kwa shemeji yangu Dar, ile ni mazoezi ya ukweli, unabana ringi, unachuchumaa, kifaa kingine kimefungwa pajani, mapaja yangu yaliuma siku ya pili. Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa naipa alama ya juu kuliko Kinect. Bei sasa, Switch yenyewe, ringi yenyewe, gemu yenyewe, na wanacheza mmoja mmoja kwa zamu, kwa familia yangu haikukaa sawa.

Vibanda vya gemu vya mtaani vya mia tano tano sina ugomvi navyo ila pale ni FIFA umekaa kwenye benchi, kwa hili tunaloongelea havisaidii. Na kama laki tatu na kitu haipo, fungua YouTube kwenye TV au hata simu, kuna video nyingi za watu wanacheza zile nyimbo za Just Dance, mtoto anaigiza tu. Hakuna alama wala nyota kwahiyo anachoka kuzitazama mapema, lakini ukicheza naye na ukamhesabia alama wewe mwenyewe anaendelea. Majirani zangu wawili wameanzia hapo na mmoja hajaona haja ya kununua mashine mpaka leo.

Kuna watoto ambao wala usiwanunulie. Nawaonaga wale wa Igogo na Mabatini wanapanda mawe kwenda nyumbani na ndoo ya maji kichwani, wanashuka tena kucheza chandimu, wanapanda tena, hao dakika 60 zao zimeisha kabla ya saa nne asubuhi. Na chini ya miaka 5 pia ngoja kwanza, kamera inawashika kwa shida na Shirika la Afya Duniani wanashauri watoto wa miaka 3 na 4 muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, mwache azunguke uani.

Kwa sasa natafuta diski ya Kinect Sports Season Two, ile yenye tenisi na kuteleza kwenye theluji, iwe ya kanda ya Ulaya na iwe haijachubuka. Mwenye nayo Mwanza, au hata Musoma na Bukoba kama anaweza kuiweka kwenye basi, aseme bei, na aniambie pia kama watoto wake waliipenda au iliishia kabatini.